Safari ya Konde: siku sita na jezi za kuazima

Alhamisi

Tumetoka Jambiani, kusini Unguja, saa tisa alasiri, watu 21, wachezaji 18, kocha, mwalimu mmoja wa skuli anayetusaidia huduma ya kwanza na mie mtunza vifaa, gari ya abiria ya njia ya 309 tumeikodi mpaka mjini, mabegi juu ya keria na mipira sita kwenye wavu nimeipakata mwenyewe maana nishawahi kupoteza mipira njiani na sitaki tena. Kwa asojua, iko klabu moja Konde, kaskazini mwa Pemba, kila mwaka mwezi wa nane kabla ligi haijaanza inaandaa kombe la kirafiki la timu nne. Mwaka huu na sie tumealikwa, mara ya kwanza. Mzee wa klabu alimpigia kocha simu akamwambia nyie njooni na miguu yenu tu, kulala na kula kwetu.

Sasa tulikuwa na tatizo moja na nalisema mapema kwa sababu safari nzima imelizunguka hilo. Namba tatu wetu, beki wa kushoto, kaenda bara mwezi wa sita, kapata kazi Dar, hatumlaumu. Miaka minne upande wa kushoto hatukuwa na wasiwasi nao kabisa, leo ligi inakaribia na pale pako wazi. Kocha alikuwa na kijana wa miaka 17 anatumia mguu wa kushoto, mtoto wa mvuvi, lakini huyo ni kiungo, hajawahi kucheza beki hata siku moja. Kocha kasema tutamjaribu hukohuko Pemba.

Mjini tumefika magharibi ishaadhiniwa, tumesali, tumekula urojo Forodhani, tukashuka bandarini Malindi kupanda meli ya usiku. Ya usiku ni taratibu lakini nauli yake ni nafuu na timu ya kijiji huhesabu kila shilingi.

Kwenye meli hakuna aliyelala mapema. Kocha ni Barcelona wa damu, basi akaanza kuwahadithia vijana habari za Joan Gamper. Kasema yule jina lake la kwao ni Hans, Mswisi, ndo aliyeianzisha Barcelona na wenzake mwaka 1899, halafu mwaka 1966 rais wa klabu Enric Llaudet akaanzisha kombe la kumkumbuka, linachezwa mwezi wa nane kabla ya La Liga. Ule mwaka wa kwanza walialika Nantes, Anderlecht na Köln, Barcelona wakalichukua wenyewe kwa kuwafunga Köln 3-1 fainali. Timu nne, siku mbili, nusu fainali halafu mshindi wa tatu na fainali. Wamekwenda hivyo miaka mingi mpaka 1997 wakaligeuza mechi moja tu. Kijana mmoja akauliza kwani mechi moja ina ubaya gani, si ndo kama Simba Day, kocha akasema Simba Day ni siku ya kuwaonyesha wachezaji kwa mashabiki, na ni nzuri, tangu 2009 kila mwaka Dar inawaka, lakini kama wewe ni timu ndogo unataka kujijua uko wapi unahitaji mechi mbili, ya kwanza ya kukosea na ya pili ya kurekebisha. Nikaliweka akilini neno lile.

Tulipopita Ras Nungwi tukatoka kwenye kivuli cha kisiwa, upepo wa kusi ukatupiga ubavuni, hapo hadithi zikakatika. Mwalimu akawa anagawa mifuko. Yule kijana wa kushoto peke yake alikuwa kasimama anatazama maji, mtoto wa baharini huyo, ndo kwanza anauliza kina.

Ijumaa

Tumefika Mkoani, bandari ya kusini mwa Pemba, alfajiri. Ukitoka Unguja kwetu kusini kote ni tambarare na mawe, ukifika Pemba kitu cha kwanza ni kilima, unatoka bandarini tu unapanda. Vijana walipanda na mabegi wanahema, kocha kafurahi, kasema mazoezi yashaanza.

Hapohapo ndo tulipokosea. Mizigo ilishushwa kwa pamoja, watu wengi, kila mmoja anataka chake, na begi letu la jezi ni la bluu, kubwa, limefungwa kamba, na kulikuwa na mfanyabiashara mmoja ana marobota ya nguo za bluu hivyohivyo. Mie nilikuwa na mipira na mabegi ya dawa, nikahesabu vitu saba, vikatimia saba, tukaondoka. Mpaka mji wa Chake Chake tumesimama kunywa chai ndo nikagundua cha saba ni robota la watu. Fulana za watoto! Jezi zetu zote 18, bukta na soksi zimekwenda na mzigo wa mtu, na mtu mwenyewe tukaambiwa ni wa Wete, mji wa kaskazini huko Pemba.

Sijui niandikeje nilivyojisikia. Zile jezi tulichangishana miezi mitatu, kina mama wanaolima mwani walitoa, wavuvi walitoa, kila jezi nyuma imeandikwa jina la kijiji. Nilitaka nishuke nirudi Mkoani kwa miguu. Kocha akampigia mzee wa Konde, simu kaiweka sauti ya juu wote tusikie, mzee kasema hivi, "Msirudi nyuma wanangu, itakupiteni Ijumaa. Nguo zitapatikana, Pemba hakupotei kitu. Jezi za kuchezea tunazo, njooni."

Basi tukaenda. Pale Gombani vijana wakataka dereva apunguze mwendo wauone uwanja, maana Januari 2025 Kombe la Mapinduzi lilichezwa pale na Zanzibar Heroes, timu yetu ya taifa, wakawafunga Burkina Faso 2-1 fainali, na wengi wetu siku ile tuliitazama Jambiani kwenye TV moja watu kama mia. Mie niliutazama uwanja lakini akili iko kwenye begi.

Baada ya Chake kila ukienda kaskazini harufu inazidi. Msimu wa karafuu ndo umeanza, kila nyumba mbele ina jamvi, karafuu zimeanikwa, za kijani, za wekundu na ambazo zishakauka za kahawia, na barabarani unapita kando ya majamvi utadhani umeingia sebuleni kwa watu. Konde tumefika kabla ya adhuhuri. Tumesali Ijumaa pamoja na baada ya sala mzee mmoja kasimama katangaza kuwa wageni wa mpira wamefika, nani anachukua wangapi. Nawaambia haikuchukua dakika kumi. Mmoja kasema mie watatu, mwengine mie wawili lakini wawe wanene, watu wakacheka, hapo hatuna wa kulala njaa tena. Mie na yule kijana wa kushoto na kipa tukachukuliwa na bi mkubwa mmoja, mjane, katutazama kasema "haya ndo nshapata ntu wa kunisaidia karafuu," na kweli jioni tulikaa kwenye jamvi tunachambua, karafuu huku makonyo kule, vidole vikanuka mpaka nilipokula wali wa nazi usiku niliisikia karafuu kwenye kila tonge.

Baada ya alasiri mzee wa klabu kanichukua ghalani kwake. Ndani magunia ya karafuu mpaka juu, na pembeni gunia moja tofauti, akalifungua, jezi. Za kijani, za misimu miwili nyuma, zimepauka mabegani, kola zimelegea lakini safi, zimekunjwa moja moja. Nikaishika namba 3, begani ina kiraka kimeshonwa kwa mkono, uzi mweupe juu ya kijani, mishono midogo midogo ya mtu aliyekuwa na muda. Na harufu! Misimu miwili kwenye ghala la karafuu, zile jezi hata uzifue mara kumi haitoki. Mzee akasema zimekaa zinakusubirini nyie.

Jumamosi

Kura imetupangia wenyeji nusu fainali. Yaani tunacheza na klabu ya Konde tumevaa jezi za klabu ya Konde. Wao wamevaa mpya nyeupe.

Kabla ya mechi makocha wote wanne na refa walikaa wakakubaliana wachezaji wa kubadilisha wawe wanane kila timu. Watu wengi hudhani mechi ya kirafiki haina sheria, sio kweli, Sheria namba 3 yenyewe inasema mkikubaliana idadi na refa akaambiwa kabla ya mechi inaruhusiwa kuzidi. Lakini aliyetoka harudi. Hilo kocha wetu alitaka lirudiwe mara mbili ili vijana wasikie.

Kipindi cha kwanza tulienda vizuri, 1-1. Cha pili kocha akamwingiza yule kijana beki ya kushoto. Jamani. Wenyeji wana winga namba 7 mdogo wa mwili, mwepesi kama cheche, na akagundua dakika ileile. Kijana wetu anamwendea mbio, winga anainama kama anakwenda nje, kijana anajitupa, winga anaingia ndani. Mara ya kwanza krosi, mara ya pili kona, mara ya tatu goli. Njia ileile mara tatu! Na goli la tatu la wenyeji likapitia hukohuko. Kijana akamtazama kocha anataka kutoka, kocha kageuza uso kwa makusudi.

Dakika kama ya sabini hivi likatokea jambo ambalo sijawahi kuliona kwenye mpira na nimeutazama mpira toka nina miaka sita. Wingu lilikuja upande wa mashariki, jeusi, na ghafla mtu mmoja akapiga ukelele "anueni!" na uwanja mzima ukainuka. Mashabiki wote mbio. Beki wawili wa wenyeji mbio. Refa mwenyewe, mtu wa Konde, kapuliza filimbi kasimamisha mechi na yeye huyo anakimbia kwao. Karafuu ikianikwa siku tatu ikalowa ndo imeharibika rangi, bei inashuka, mtu kapanda mkarafuu mrefu kuliko nyumba kuichuma hawezi kuiacha inyeshewe. Kocha wetu akatutazama, akasema mnakaa kwa nini? Basi na sie mbio, wachezaji na jezi zao za kuazima, kila mmoja nyumba aliyolala. Mie na kipa tulifika kwa bi mkubwa yeye anakunja jamvi peke yake upande mmoja, tukashika upande wa pili tukaingiza ndani matone ya kwanza yanapiga bati. Mvua yenyewe ilikuwa ya robo saa tu. Tukarudi uwanjani tukamaliza dakika zilizobaki, 3-1, tumefungwa, na wallahi sikumwona mtu amenuna.

Isipokuwa yule kijana. Baada ya magharibi alikaa kibarazani hataki kula. Akaja mtu mmoja wa makamo, tumbo kidogo, mchana nilimwona anabeba maji ya timu ya wenyeji, kumbe zamani ndo alikuwa namba tatu wao na ile jezi ya kiraka ndo ya nafasi yake, mkewe ndo aliyeshona. Akamwita, "Njoo ntoto." Akavua makubadhi akayaweka chini kwenye taa ya kibaraza, kubadhi moja mstari wa pembeni, la pili winga. Kasema wewe kosa lako unatazama miguu, miguu inasema uongo, tazama kiuno, kiuno hakijui kudanganya. La pili unamwendea uso kwa uso, simama upande, bega lako la ndani mbele, mfungie njia ya ndani umpe ya nje, kule nje kuna mstari, mstari ni beki mwenzako. La tatu usijitupe, anayejitupa kashamaliza kazi yake. Halafu wakasimama wenyewe, yule namba tatu wa zamani anafanya winga na tumbo lake, anakuja, kijana anarudi nyuma nyuma ubavu, mara kumi, mara ishirini, vumbi lilishalowa kwa mvua kwa hiyo nyayo zilibaki zinaonekana, na asubuhi nilizikuta, mstari wa miguu ya kijana umepinda vizuri kama upinde.

Nafikiria huyu mtu ni mpinzani wetu. Winga anayemfundisha kijana kumzuia ni wa timu yake mwenyewe. Nikamuuliza mzee wa klabu usiku ule kwenye kahawa, nikamwambia habari ya Gamper alivyohadithia kocha na kwamba wao Ulaya wengi sasa wanafanya mechi moja, na Arsenal walipoanza Emirates Cup mwaka 2007 walifanya ya pointi na kila goli likahesabiwa pointi yake. Mzee kasikiliza mpaka mwisho, kanywa kahawa, kasema, "Timu mbili ni mechi. Timu nne ni shughuli." Kisha kasema yeye hahitaji kujua kama timu yake inaifunga Jambiani, anahitaji msimu ukianza vijana wake wawe wamekutana na watu wanaojua kucheza, na mtu akija kwako ukampiga bila kumfundisha mwakani haji. Mie nimekaa kwenye uongozi wa klabu mwaka wa tisa sasa, na kombe letu la kijijini tulishaliua kwa ugomvi wa zawadi na marefa. Sikulala haraka.

Jumapili

Mshindi wa tatu saa nane mchana, jua kali, sie na timu ya wavuvi wa Tumbe, waliofungwa na Wete nusu fainali ya pili. Kijana kaanza, dakika zote 90. Winga wao mrefu, mbio nyingi. Mara ya kwanza alivyopata mpira nilishika kamba ya wavu wa mipira nikaikaza. Kijana akasimama upande, bega mbele, akarudi hatua tatu nne, winga akatazama ndani hakuna, akaenda nje, akafika kwenye mstari mpira ukatoka. Mpira wa kurusha, wetu. Kitu kidogo, hakuna aliyepiga makofi isipokuwa mtu mmoja mwenye ndoo ya maji upande wa pili wa uwanja.

Mapumziko gari ya Wete ikafika na begi letu la bluu, yule mfanyabiashara kalileta mwenyewe na kaja na samahani juu, na sie tukampa robota lake na samahani yetu. Nikalifungua nikaanza kutoa jezi, kocha kanizuia, kasema tumeanza na hizi tunamaliza na hizi. Tumeshinda 2-1. Zawadi mipira miwili mipya na katoni ya maji.

Fainali wenyeji wamefungwa na Wete 1-0, kwao, mbele ya watu wao, na mzee mwenyewe ndo aliyemkabidhi nahodha wa Wete kombe na beberu la mbuzi, kashika kamba ya mbuzi mkono mmoja na kombe mkono wa pili.

Jumatatu

Asubuhi nimefua jezi zote za kijani kisimani kwa bi mkubwa na vijana watatu, tukazianika kwenye kamba sambamba na majamvi. Mchana wenyeji wametutembeza msitu wa Ngezi, miti mirefu hujaona juu, tukawaona popo wa Pemba wananing'inia mchana kweupe, wakubwa kama kuku, halafu Vumawimbi, mchanga mweupe na watu hakuna. Jioni jezi zimekauka nimezikunja moja moja kama nilivyozikuta, nikazipeleka ghalani, nikataka tuzihesabu mbele ya mzee ili pasiwe na maneno. Mzee akakataa, akasema mgeni hahesabiwi. Akalichukua na begi letu la bluu akasema acha nilifunge vizuri hili, kamba yako mbovu, ndo maana lilipotea.

Bi mkubwa ametufungia halua ya Wete na karafuu kidogo kwenye kitambaa kila mtu.

Jumanne

Saa nane usiku tumeondoka Konde kuwahi meli ya asubuhi Mkoani. Nililala njia nzima na begi la bluu chini ya miguu. Bahari shwari. Jambiani tumefika baada ya alasiri, kina mama wa mwani wamekuja moja kwa moja kuuliza jezi.

Nikalifungua begi ofisini mbele yao. Harufu ya karafuu ikajaa chumba, nikajua kabla sijaona. Juu ya jezi zetu 18 iko moja ya kijani, namba 3, yenye kiraka. Nikampigia mzee palepale kwamba kuna jezi yenu imekuja kwa makosa, akaniambia, "Hakuna makosa, nimeitia mie. Mwambie huyo ntoto mwakani aniletee mwenyewe, na aje kaivaa."

Nimemwita kijana nimempa. Kaigeuza, kakitazama kiraka, hakusema kitu, kaivaa juu ya fulana yake akaenda pwani kumsaidia baba yake kuvuta ngalawa.

Kesho mazoezi saa kumi, uwanja wa skuli. Kocha kasema waje wote hata wenye uchovu wa meli, anataka kuanza na mabeki.